Naomba ushauri: DSLR ya kupigia picha za kupamba, nina Sh45,000

binti_kisauni

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu. Niko Kisauni, Mombasa, na nimeamua kuingia kazi ya picha za harusi upande wa wanawake. Wenyeji mnaelewa: kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi, mwanamume haingii, wageni wamevua mabuibui, nywele zi wazi, na familia nyingi hazitaki simu zitolewe ukumbini. Kwa hivyo mwenye harusi hutafuta mpiga picha mwanamke anayemwamini, na mara nyingi hampati.

Kwa sasa natumia simu. Mchana picha zatoka vizuri, lakini shughuli zenyewe ni za usiku, na taa za ukumbini ni za kupendeza macho, si za kupigia picha. Hina ya bibi harusi yaonekana kama doa, na wanaocheza wote ni ukungu mtupu.

Nina Sh45,000 niliyopokea kwenye chama, na sitaki kukopa juu yake. Duka moja mjini lanishauri kamera ya Canon 2000D mpya na lenzi yake ya milimita 18-55, ambayo itamaliza pesa yote. Sababu wanayonipa ni kwamba ina megapikseli 24, yaani nukta milioni 24 za picha. Kuna mtu mwingine anauza Canon 700D iliyotumika, ya megapikseli 18, kwa bei ya chini sana kuliko hiyo. Tena nimeona Nikon D3300 pia. Video si muhimu kwangu sasa. Nichukue ipi?

jicho_la_pwani

Waaleikum salaam dadangu, na hongera kwa uamuzi huo. Kazi hiyo ina uhitaji mkubwa.

Hayo mambo ya megapikseli yaweke kando kwanza. Picha ya megapikseli 18 ina nukta 5184 kwa 3456. Ukiichapisha kwa ubora wa albamu yafika karibu ukubwa wa A3, na ukurasa wa albamu ya harusi kwa kawaida hauzidi hapo. Mteja wako hatauona upungufu huo hata akiisogeza machoni. Atakachokiona ni uso uliotikisika.

Shida yako ni mwanga, na mwanga huingilia kwenye lenzi. Hiyo 18-55 inayokuja na kamera hufungua tundu lake hadi f/3.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ukiwa umeitanua, na ukiivuta hadi 55 yabaki f/5.6 tu. Lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM, ndogo ya kukaa kiganjani, huingiza karibu mara kumi ya mwanga ikilinganishwa na ile nyingine kwenye f/5.6. Maana yake ni kwamba pale ambapo kamera ingekulazimisha kupiga kwa kasi ya 1/15 ya sekunde na mkono wa bibi harusi ukawa ukungu, sasa waweza kupiga kwa zaidi ya 1/125 na hina ikasomeka ua kwa ua.

Kwa hiyo mimi ningechukua 700D iliyotumika na lenzi yake ya kawaida, halafu pesa itakayobaki iende kwenye hiyo 50mm, na kama yatosha, fleshi. Mwili wa kamera huzeeka haraka. Lenzi utaibeba miaka mingi na kuihamishia kamera nyingine ya Canon ya aina hiyo hiyo.

Usidhani 700D ni ya kukimbiwa kwa kuwa ilitoka 2013. Ina alama 9 za kufokasi, zote za msalaba (husoma mistari ya wima na ya mlalo), wakati 2000D ya 2018 ina 9 pia lakini ni ile ya katikati tu iliyo ya msalaba. Kwenye giza alama za msalaba hushika fokasi kwa uhakika zaidi. Isitoshe 700D hupiga picha 5 kwa sekunde na 2000D hupiga 3, na skrini ya 700D yakunjuka, jambo litakalokufaa ukitaka kupiga mikono ya hina kutoka juu bila kupanda kiti.

mwana_wa_likoni

Mie nasema achana na DSLR kabisa. Canon na Nikon wenyewe wamehamia kamera zisizo na kile kioo cha ndani cha DSLR (mirrorless). D3500 na D5600 za Nikon ziliachwa kutengenezwa. Kwa nini ununue kitu ambacho njia yake imefungwa?

jicho_la_pwani

Ndugu yangu wa Likoni, usemayo ni kweli kwa mwenye pesa. Lakini kwa Sh45,000 kamera isiyo na kioo atakayoipata itakuwa ya zamani na lenzi moja tu ya giza, kisha kila lenzi ya mwanga atakayoitaka imshinde bei. Kufungwa kwa njia ndiko kunakoshusha bei za DSLR sokoni, na lenzi zake zimejaa. Kwa anayeanza na fedha yake mwenyewe hiyo ni nafasi, wacha aitumie.

bibi_wa_mapambo

Mwanangu, mimi hupiga picha za kupamba hapa Mji wa Kale, na nje hadi Mtwapa. Lenzi waliyokutajia ni nzuri, ila kuna mambo ambayo mtu hayajui hadi aingie ndani ya chumba chenyewe.

La kwanza ni nafasi. Kwenye kamera hizi lenzi ya 50mm yaona kama 80mm, yaani yakukaza. Ukiwa sebuleni kwa watu, godoro limetandazwa, kina mama wamekaa ukutani mpaka mlangoni, utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta na bado hutawapata watu wanne. Basi usiuze ile 18-55. Hiyo 50mm ni ya bibi harusi kwenye kiti, ya hina, ya vito, ya mama mtu anapolia. Kundi lote litahitaji 18-55, na 18-55 itahitaji fleshi.

La pili ni hiyo fleshi. Iliyo juu ya kamera usiitegemee, hupiga usoni moja kwa moja, poda yote ya mpambaji hung'aa, na nyuma ya bibi harusi kivuli cheusi kinasimama kama mtu wa pili. Nunua ya kuchomeka inayogeuza kichwa, uielekeze darini ili mwanga urudi chini ukiwa mpana. Lakini tazama dari kwanza! Nyumba nyingi za zamani za mji huu zina dari za boriti, ni nyeusi na ziko juu, mwanga ukienda huko haurudi. Hapo geuza fleshi kwenye ukuta mweupe ulio kando yako. Na kumbi zilizofunikwa kitambaa ni mtihani mwingine: dari ikiwa ya waridi, mwanga utarudi wa waridi, na bibi harusi aliyepambwa kwa saa nzima atatoka kama ameungua jua. Mimi hufika mapema, kabla ya wageni, nikaangalia ukuta gani ni mweupe na kiti kitawekwa wapi. Wakati mwingine namwomba mpambaji asogeze kiti kidogo, na huwa hakatai nikimwambia kwa upole kwamba kazi yake itaonekana vizuri zaidi.

La tatu ni kubwa kuliko kamera. Picha za wanawake wakiwa wazi ni amana. Zungumza na bibi harusi na mamake kabla ya siku, uandike kwa karatasi nani atapewa picha na kama kuna hata moja itakayowekwa mtandaoni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na picha ya mtu inaingia humo, lakini hata isingekuwapo sheria, heshima za watu zatosha. Kadi yako ya kuhifadhia picha usimwazime mtu, wala usiiuze. Ukifuta picha, hata ukifomati kadi, mtu mwenye programu ya kurejesha anaweza kuzitoa tena. Kadi za kupamba zangu ni za kupamba tu, hazitoki nyumbani bila mimi. Na kompyuta weka neno la siri, kwa sababu ndugu zetu wa kiume nyumbani nao hufungua kompyuta.

nazi_mbichi

Bibi umesema. Hilo la kadi kila mpiga picha alisome.

mwangaza_wa_tudor

Naomba kuitetea hiyo Nikon. D3300 ina megapikseli 24, ni nyepesi, na betri yake yakaa sana. Na kwa vyumba vidogo anavyovisema bibi, Nikon wana lenzi ya 35mm f/1.8 ya DX (ya kamera za daraja hili), ambayo yaona kama 52mm hivi. Humpata bibi harusi na somo (kungwi) wake pamoja bila wewe kutoka nje ya mlango. Canon hawana ya namna hiyo kwa bei ya chini. Wana 24mm f/2.8, nyembamba na nzuri, lakini ina mwanga mchache zaidi.

Tahadhari moja tu kwa Nikon: D3300, kama nyingine za D3000 na D5000, haina mota ya fokasi ndani. Ukinunua lenzi za zamani za AF au AF-D kwa kuwa ni rahisi, utazungusha kwa mkono wewe mwenyewe, na kwenye ngoma ya chakacha hutaweza. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake yenyewe.

binti_kisauni

Shukran nyote, na bibi nakushukuru zaidi, umenifungua macho. Swali la fleshi: kuna mtu ananiuzia ya mkononi, yaani unayopima mwanga wewe mwenyewe, isiyo na otomatiki. Itafanya kazi kwa kamera yoyote? Na kamera iliyotumika naikaguaje? Naogopa kupoteza pesa ya chama.

fundi_kamera_msa

Dada, hizi ndizo kazi zangu, basi nisome taratibu.

Fleshi kwanza. Canon waliondoa pini ya katikati kwenye kiti cha fleshi (pale juu inapochomekwa) cha 2000D, 4000D na 250D. Fleshi za bei rahisi zinazotegemea pini hiyo pekee hazitawaka zikikaa juu ya kamera hizo. 700D pini inayo, na D3300 inayo. Kwa bajeti yako hilo tu lingenitoa kwenye 2000D mpya, maana fleshi ya kampuni yenyewe ni ghali. Hiyo ya mkononi jifunze kwayo: dari ikiwa ileile na umbali uleule, ukishapata kipimo hakibadiliki.

Ukaguzi sasa. Nenda mchana, mahali penye watu, na tochi na kadi yako mwenyewe. Toa lenzi, fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma huku ukitazama mbele. Hapa pwani adui ni kuvu. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima na lenzi iliyofungiwa ndani ya begi kabatini huota nyuzi kama utando wa buibui juu ya kioo cha ndani. Ukiona hata uzi mmoja, iache, hata akipunguza bei. Vumbi mbili tatu halina neno.

Kisha piga mbingu au ukuta mweupe kwa f/16 na uikuze picha. Madoa meusi ni uchafu kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, husafishwa. Mstari usiotoka au nukta inayong'aa rangi kila picha ni jambo jingine. Washa na uzime fleshi ya ndani, kunjua skrini yote mpaka mwisho uone kama picha yakatika, tia na utoe kadi, sikiliza shata (pazia linalofunguka kila picha) kwa kasi tofauti. Ukitikisa lenzi kidogo na mdomo wa kamera unacheza, imeanguka hiyo.

Idadi ya shata: kwa Nikon imo ndani ya faili la picha, kompyuta au tovuti yaisoma. D3300 shata yake ilijaribiwa kufika 100,000. Canon za daraja hili haziandiki kwenye picha, lazima uiunganishe na kompyuta kwa waya na programu. Muuzaji akikataa hilo, mwachie. Na omba risiti au boksi lenye namba inayolingana na ya chini ya kamera. Kamera za kuibwa zipo, na za watalii zaidi.

Ukishanunua, usiifungie kwenye begi la ngozi. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, tia vipakiti vya silika jeli, uvikaushe au kuvibadilisha vikijaa unyevu. Ukitoka ukumbi wenye baridi ya AC kwenda nje usiku, kioo huvuta umande papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa ipate joto taratibu, na usiifute wala kubadilisha lenzi wakati huo.

bibi_wa_mapambo

Nyongeza kwa mwanangu: kabla ya kununua, njoo harusini nikushikishe kamera. Utabeba fleshi yangu ya pili na utaona mwenyewe kama chumba chakubana.

binti_kisauni

Narudi na jibu. Bibi alinichukua kama msaidizi, Mungu amlipe. Nimeona kwa macho yangu: picha nyingi alizopewa sifa ni za hina na uso, na za makundi alipiga kwa lenzi pana na fleshi kwenye ukuta. Nikaamua Canon. Ile 700D ya kwanza nilimulika tochi kama fundi alivyosema, lenzi ilikuwa na nyuzi pembeni, nikaiacha. Ya pili lenzi ni safi, ina risiti, shata ilisomwa kwa waya mbele yangu. Nimepata pia 50mm f/1.8 iliyotumika, na fleshi ya mkononi. Imebaki pesa ya kadi na betri moja. Harusi ya kwanza ni ya binamu yangu, Alhamisi usiku, na mamake ameshaniandikia ruhusa. Kuhusu betri, mtu wa duka aliniambia kwa simu kwamba LP-E10 itaingia, ni kweli?

fundi_kamera_msa

La, dada. LP-E10 ni ya 1300D na 2000D. 700D yatumia LP-E8, hazibadilishani. Chukua moja ya ziada, uijaribu leo usiku, na betri za fleshi ununue seti mbili.

bibi_wa_mapambo

Na Alhamisi fika saa kumi jioni, mwanangu, kabla kitambaa hakijafungwa ukutani.