Sefu kuukuu ya Chubb au sefu mpya ya bunduki?

MwanaMuheza: Wakuu, habari za jioni. Nina bunduki moja ya marisau yenye kibali, hati za shamba, na fedha za duka zinazolala nyumbani. Shamba moja la mkonge huku Tanga linauza vitu vya ofisi ya zamani, ikiwemo sefu ya Chubb (kampuni ya Kiingereza ya sefu na vitasa) inayonifika kiunoni, funguo mbili zipo. Dar nako kuna sefu mpya ya bunduki, ndefu, ya kubonyeza namba. Ukijumlisha usafiri bei zinakaribiana. Mngechukua ipi?

FundiVitasa: Kwanza ujue hiyo Chubb ilitengenezwa kwa ajili ya moto au wezi. Sefu nyingi za Kiingereza za karne ya 19 kuta zake ni bati la kawaida lililojazwa shabu na unga wa mbao. Moto ukiwaka shabu inatoa mvuke, karatasi zinapona. Lakini mwizi mwenye nyundo na tindo akiupata mgongo wake, anaupasua. Ya wezi ina chuma kinene pande zote. Nayo hiyo mpya, ulizia unene wa bati. Kiwango cha Uingereza cha makabati ya bunduki, BS 7558, kinataka angalau milimita 2, na mimi chini ya hapo sinunui. Bati jembamba likipata mtaimbo halina ubishi.

MamaChumbageni: Mimi ni mtu wa duka, napenda ya funguo, haina betri ya kufa usiku wa manane. Ila ofisi ya shamba imepitiwa na makarani wangapi? Funguo mbili unaziona, ya tatu iko kwa nani? Kabla hujaweka hata senti, fundi abadilishe kitasa au apange upya vyuma vyake vya ndani na kuchonga funguo mpya.

MwindajiRufiji: Mnasahau bunduki yenyewe. Mtutu wa inchi 28 ni sentimita 71, hata ukiivunja vipande viwili huenda usiingie kwenye sefu ya kiunoni yenye kuta nene. Halafu ile shabu inashika unyevu. Kwa hewa ya Tanga, bunduki ikilala humo hata wiki chache utaukuta mtutu umeota kutu. Silaha inataka pakavu, mafuta kidogo, na pakiti za kunyonya unyevu zinazobadilishwa.

MwanaMuheza: Hilo la urefu sikuliwaza kabisa, asante mkuu. Na moto? Muuzaji wa Dar anasema yake inahimili saa mbili.

FundiVitasa: Mwambie akuonyeshe bamba la maabara iliyoipima. Kipimo cha UL, maabara ya Marekani ya kupima usalama wa bidhaa, kwa sefu za karatasi kinataka ndani isizidi nyuzi 177 za Selsiasi muda wote ulioandikwa. Nyingi za bunduki zimewekewa jasi tu, na saa anazitaja mwenye kiwanda.

MwanaMuheza: Na nikitoboa Chubb niifunge sakafuni?

FundiVitasa: Usitoboe! Baadhi ya sefu za zamani zina asbesto, na vumbi lake linaua mapafu. Ikiwa ni ya nusu tani, uzito wenyewe unailinda, mradi ikae juu ya zege. Ndefu ndiyo lazima ifungwe kwa bolti. Isipofungwa, watu wawili wanailaza chali na kuifungua taratibu.

MwindajiRufiji: Kwa hali yako ningechukua Chubb kwa hati na fedha, kisha kabati la chuma la milimita 3 achomelee fundi wa hapo mjini, lifungwe ukutani chumbani kwa ajili ya bunduki. Risasi zikae kwenye Chubb, mbali na bunduki. Kama nyumbani kuna watoto, mkuu, hilo usilifanyie ubahili.

MamaChumbageni: Hapo naunga mkono. Hiyo ya Dar iache.

MwanaMuheza: Nimewaelewa. Jumamosi naenda shambani na tepu, nitagonga mgongo wake na kupiga picha bamba la mlangoni. FundiVitasa, nikutumie PM uitazame kabla sijalipa?