Programu ya kikundi cha kahawa: nianze na Vite, Next.js, Laravel au Django?

Kijana_wa_Kibosho: Habari za jioni, wakuu. Nimepewa kazi ya kutengeneza programu ya wavuti ya kikundi cha wakulima wa kahawa huku Moshi, nami natakiwa kuonyesha mfano wa kwanza kabla ya msimu wa kuvuna. Sitaki kuandika kila faili kwa mkono, hivyo natafuta zana ya kunijengea mifupa ya mradi kwa amri moja. Kati ya hizo nne, ipi itanifaa?

FundiNjiro: Ndugu, umetaja zana bila kueleza kazi. Nani ataingiza taarifa, programu itakaa kwenye seva gani, na wewe umezoea lugha ipi? Vite itakuandalia upande wa mbele tu, yaani kurasa anazoziona mtumiaji. Seva na hifadhidata ya kilo na malipo utavijenga mwenyewe.

Kijana_wa_Kibosho: Watakaoitumia ni karani wa mizani na mhasibu. Mteja ameshalipia nafasi kwenye seva ya pamoja yenye cPanel, ile paneli ya kusimamia seva kupitia kivinjari.

MamaSeva: Basi chukua Laravel, kwa kuwa PHP, lugha inayoandikiwa Laravel, haikosekani kwenye seva za namna hiyo, na ukianza mradi kwa vifurushi vyake vya kuanzia unapata kurasa za kujisajili na kuingia zikiwa tayari.

Mzee_wa_Sakina: Kabla hujachagua, angalia nani anaitunza hiyo zana. Nilirithi programu ya kampuni moja ya utalii hapa Arusha, iliyoanzishwa kwa Create React App, zana ya kuanzishia miradi ya React (maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa) ambayo Facebook waliitoa mwaka 2016 na ambayo huficha karibu mipangilio yake yote ndani ya kifurushi cha react-scripts. Februari 2025 timu ya React ikatangaza kuistaafisha. Mwenye kampuni alitaka tu sehemu ya kuchagua shilingi au dola, lakini ilinibidi kwanza nihamishe mradi mzima kwenda Vite, nikibadilisha kila REACT_APP_ mwanzoni mwa majina ya mipangilio kuwa VITE_. Kazi hiyo alikataa kuilipia, akisema kwamba haoni kilichobadilika kwenye skrini.

FundiNjiro: Pole, Mzee, lakini ndiyo maana mimi sitoki kwa Django, iliyoko tangu 2005. Ukisajili jedwali zako, ukurasa wake wa usimamizi unamwezesha karani kuingiza kilo bila wewe kuchora fomu hata moja. Ila usipandishe mradi kama ulivyozalishwa: DEBUG, yaani hali ya kuonyesha undani wa makosa, huwa True (imewashwa), na ufunguo wa siri huanza na django-insecure. Nimeukuta hivyo kwenye tovuti iliyo hewani.

MamaSeva: Django ni nzuri, Fundi, lakini si kila cPanel imewashiwa Python, lugha inayoandikiwa Django.

Binti_Soweto: Mbona hakuna aliyetaja bando? Next.js, zana ya JavaScript iliyojengwa juu ya React, hushusha vifurushi vingi kila unapoanza mradi mpya. Mimi natumia pnpm, zana ya kushusha na kupanga vifurushi, ambayo huhifadhi nakala moja ya kila kifurushi na kuitumia kwenye miradi yote.

MamaSeva: Ndiyo faida ya Laravel, dada: haina mzigo huo wa vifurushi.

Binti_Soweto: Hapana, Mama. Tangu 2022 Laravel nayo hutumia Vite kuandaa faili za mbele, kwa hiyo node_modules, folda ya vifurushi vya JavaScript, bado utakutana nayo.

Mzee_wa_Sakina: Kijana, swali la lugha hujalijibu.

Kijana_wa_Kibosho: JavaScript zaidi, PHP niliigusa chuoni. Kesho nitamwomba mteja aniruhusu kuingia cPanel nione kama Python ipo.

FundiNjiro: Muulize pia kama mtandao unafika pale kwenye mizani, maana hilo linaweza kubadilisha majibu yetu yote.