Wenye ulemavu na mliosoma nao: marafiki mliwapataje? Tupeane uzoefu

Kaka_Mkubwa
Wakuu, salaam. Nina mdogo wangu wa miaka 14, ana mtindio wa ubongo. Kichwani yuko safi, tatizo ni mkono na mguu wa kulia, na maneno yanamtoka taratibu, lazima umsubiri. Januari anaanza kidato cha kwanza, shule ya kutwa hapahapa Mbagala. Mambo ya ngazi na choo tumeshaongea na mkuu wa shule. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Miaka saba ya msingi, hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kupiga hodi kwetu kumuulizia. Hakupigwa, hakutukanwa. Walimu waliwaambia wenzake "msimsumbue", na kweli hawakumsumbua. Mapumziko anakaa barazani anawatazama wakicheza. Mawaidha ninayo ya kutosha. Nataka mliopitia mniambie, nini hasa kilifanyika mkapata watu?

Gongo_Mbili
Pole mkuu. Mimi nilikatwa mguu nikiwa fomu tuu, ajali ya bodaboda. Wiki mbili za kwanza wodi ilijaa washikaji na juisi za boksi. Niliporudi mtaani wakaanza kunikwepa. Si ubaya, walikuwa hawajui waongee nini. Zamani stori zetu zilikuwa mpira tu, sasa mbele yangu mpira hautajwi!

Jioni moja walikosa refa kwenye chandimu. Mmoja akanirushia filimbi. Dakika ya kumi nikatoa penalti, wakanizonga wote, mmoja ananiambia "wewe huoni, macho nayo yalikatwa?" Nilicheka mpaka nikadondosha gongo. Miezi mitano hakuna mtu aliyekuwa amenipigia kelele. Siku hiyo ndiyo nilirudi.

Baadaye nikaingia kwenye soka la wenye ulemavu. Wachezaji saba kila upande, wa ndani wana mguu mmoja na magongo, kipa ana mkono mmoja, na ukiugusa mpira kwa gongo makusudi imekula kwako kama umeunawa. 2021 Kombe la Afrika lilichezwa hapa Dar, mwaka uliofuata Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya mchezo huo, wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Uturuki. Madogo wa mtaani wakaanza kunifuata niwaeleze sheria. Sasa hivi wananiita Kiatu Kimoja, na mimi naitika.

Binti_Kofia
Gongo_Mbili, hapo kwenye majina naomba tusiende haraka. Mimi nina ualbino. Mtaani kuna watu wananiita "dili", na wanajua fika neno hilo lilitoka kwenye kutuua ili viungo vyetu viuzwe. Huyo mtoto asije akafundishwa kwamba kila jina ni utani, acheke tu. Hao wa filimbi ulikuwa umeshakula nao, umeshagombana nao tangu utotoni. Mtu anayeniita "dili" mtaani hajui hata naitwa nani.

Kuhusu marafiki: fomu wani, muhula wa kwanza wote, nilionekana naringa. Kumbe macho. Mtu akinipungia mkono ng'ambo ya uwanja simwoni, nampita. Nimekuja kuambiwa muhula wa pili! Nikaanza kusema mwenyewe: "Nikikupita kimya nisemeshe, taja na jina lako." Na ubaoni sioni, kwa hiyo nilikuwa naazima daftari la jirani kila kipindi. Yeye hesabu zinamshinda, mimi nazipenda. Hatukuachana hadi fomu foo. (Kaka, uliza mapema utaratibu wa mitihani ya taifa. Mimi nilipewa karatasi ya maandishi makubwa.)

Sihusiki_ila_nasema
Nilikaa upande ule mwingine. Kazi ya kundi ya jiografia, mwalimu akatupangia jamaa anayetumia kiti cha magurudumu. Tukamwambia, "Wewe usijali, jina lako tutaliandika." Tulijiona watu wema kweli. Akachukua kalamu, akalikata jina lake mwenyewe kwenye karatasi. Hakusema kitu. Kazi iliyofuata tulimpa ramani achore, akaichora vibaya, tukamlaumu kama tunavyolaumiana.

Mikono_Inaongea
Mimi ni kiziwi. Shule ya viziwi nilikuwa na marafiki mpaka wanachosha, upweke nilikutana nao sekondari ya mchanganyiko. Darasa linacheka, nauliza kuna nini, naambiwa "nitakuambia baadaye". Hiyo baadaye bado naisubiri. Aliyeniokoa ni deskmeti. Alijifunza herufi za alama kwa wiki moja, na si kwa huruma, aligundua tunaweza kupiga umbea katikati ya kipindi na mwalimu asisikie. Kila mwalimu tukampa jina la alama. Wa kemia tulimchorea kitambi. Mwezi wa tatu dawati letu likawa na wanafunzi watano wanaotaka kujua tunacheka nini.

Mama_Ratiba
Mwanangu ana usonji, 16. Anajua njia zote za daladala, na akianza kuzitaja watu wanaondoka mmojammoja. Tulifanya mazoezi nyumbani, mimi najifanya abiria: ukishataja vituo vitatu, nyamaza, muulize mwenzako yeye anashukia wapi. Kisha tukahamia kwa muuza maandazi, ana subira yule mama. Siku hizi konda mmoja wa njia yetu akimwona anamuuliza yeye foleni ikoje.

Kaka_Mkubwa
Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Ile ya jina kwenye karatasi imenikamata, maana nyumbani tunamfanyia hivyohivyo, hata vyombo hatumpi aoshe. Jana jioni nikamsomea huu uzi. Akanyamaza muda mrefu, nikamsubiri. Akasema siku ya kwanza nisimfikishe getini. Nimwache pale kona kwa muuza mihogo, nigeuze.