Tuisheni ya jioni ya Hisabati, darasa la saba na kidato cha pili: nianzie wapi?

kisimani_mza

Habari za jioni wakuu. Niko chuo hapa Mwanza, na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa vipindi vinaisha saa 8 mchana. Wazazi wa mtaani wameniomba niwafundishe watoto wao Hisabati: wawili wako darasa la saba, shule ya msingi ya serikali, na mmoja yuko kidato cha pili, sekondari ya kata. Hisabati naimudu, ila kufundisha mtoto sijawahi.

Naomba msaada kwa haya: kipindi cha kwanza nifanye nini, wote watatu nawaweza kuwaweka pamoja, malipo yapangwe vipi, na likizo tuendelee au tupumzike? Kitabu chochote au karatasi za mitihani mnazoshauri pia mnitajie.

---

chaki_na_dasta

Karibu mwalimu. Nianze na la pili kwa kuwa ni fupi: usiwachanganye. Darasa la saba wanasoma Hisabati kwa Kiswahili na wa kidato cha pili anasoma kwa Kiingereza. Ukiwaweka meza moja utakuwa mkalimani, na mmoja kati yao atakuwa anasubiri. Wawili wa darasa la saba wapewe siku zao, huyu wa sekondari zake.

Kipindi cha kwanza usifundishe kitu. Toa jaribio la maswali 20, dakika 40, kwenye karatasi isiyo na mistari ili uone kazi yake yote pamoja na alichofuta. Mchanganyo unaofaa ni huu: maswali 5 ya kuzidisha na kugawanya, 5 ya sehemu na desimali, 4 ya asilimia na uwiano, 3 ya namba hasi, 3 ya mafumbo ya maneno. Kiwango kiwe darasa la tano na la sita. Ndiyo, hata kwa wa kidato cha pili. Anayeshindwa aljebra mara nyingi hakuangushwa na aljebra, ameangushwa na sehemu ambazo hakuwahi kuzielewa.

Ukisahihisha, usiandike alama juu ya karatasi. Pembeni ya kila kosa weka herufi: K kama amekosea kukokotoa, D kama dhana yenyewe hana, L kama hakuelewa lugha ya swali, H kama ni haraka. Zihesabu. Mtoto mwenye L nyingi na mtoto mwenye D nyingi wanaweza kuwa na alama sawa kabisa shuleni, na dawa zao hazifanani hata kidogo.

Kuna makosa utakayokutana nayo karibu kila mara, kwa hiyo jiandae.

Watoto wengi wamekariri MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kama foleni, kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Mpe 10 − 4 + 3. Atajumlisha 4 na 3 apate 7, kisha 10 toa 7, jibu 3. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na vinafanywa kwa kufuata mpangilio wa kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo. Kifupisho kinasaidia kukumbuka, lakini hapa kinapotosha, na mtoto lazima aambiwe waziwazi.

Akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Usikimbilie kumwambia "tafuta KDS" (kigawe kidogo cha shirika). Muulize kwanza: 2/5 ni kubwa au ni ndogo kuliko nusu? Akigundua ni ndogo, mwulize inawezekanaje umeongeza kitu juu ya nusu ukapata pungufu ya nusu. Hapo sasa chora mistatili miwili iliyo sawa, kila mmoja vipande 6. Nusu ni vipande 3, theluthi ni vipande 2, jumla 5/6. KDS ikija baada ya picha hiyo atajua inafanya kazi gani.

La tatu ni faida ya kinyumenyume. Redio imeuzwa sh. 13,800 kwa faida ya asilimia 15, ilinunuliwa kwa bei gani? Wengi watatafuta asilimia 15 ya 13,800, wapate 2,070, watoe, waandike 11,730. Wamechukua asilimia ya bei ya kuuzia wakati faida inahesabiwa kwa bei ya kununulia. Mfundishe kuandika kwanza mstari mmoja: "115% = 13,800". Kisha 13,800 × 100/115 = 12,000. Huo mstari mmoja unaokoa maswali mengi ya hasara, punguzo na riba.

---

Mama Upendo wa Nyegezi

Mwanangu, nitasema ya malipo na ya usalama, maana vijana wengi wanaanza vizuri kisha wanaachia njiani kwa sababu ya hayo mawili.

Piga hesabu ya saa zako zote, usihesabu zile za kukaa na mtoto tu. Tuseme unafundisha mara 2 kwa wiki, dakika 90. Kuandaa na kusahihisha dakika 40, njiani kwenda na kurudi dakika 30. Hizo ni dakika 160, na kwa vipindi 8 vya mwezi ni saa 21 na dakika 20. Mzazi akikupa 80,000 kwa mwezi, toa nauli 1,200 mara 8, yaani 9,600, na fotokopi tuseme 400 kila kipindi, 3,200. Unabaki na 67,200, sawa na sh. 3,150 kwa saa. Sasa jiulize kama unaridhika nayo kabla hujasema "sawa". Ukikaa na watoto wa mtaa mmoja sehemu moja, nauli inaondoka na wazazi wanachangia, kila mmoja analipa kidogo.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: siku gani, saa ngapi, kiasi gani, kinalipwa tarehe ngapi, na mtoto asipotokea inakuwaje. Hilo la mwisho ndilo linaloleta ugomvi. Unaloweza kupendekeza: mzazi akitoa taarifa siku moja kabla, kipindi kinafidiwa, asipotoa, kinahesabiwa. Na wewe ukikosa, unafidia bila kudaiwa.

Usalama. Fundishia sebuleni au barazani, mlango wazi, mtu mzima wa nyumba akiwepo. Chumbani hapana, hata kama sebuleni kuna kelele. Mawasiliano yote yapitie simu ya mzazi. Mtoto asikutumie ujumbe binafsi usiku kuuliza swali. Aliandike, utalijibu mkikutana. Anza saa 10 jioni, maliza saa 11 na nusu, watoto wawe nyumbani kabla ya giza. Hii inamlinda mtoto na inakulinda wewe pia.

Kingine, darasa la saba wanatoka shuleni wamechoka na pengine hawajala tangu asubuhi. Waombe wazazi mtoto apate uji au chochote kabla ya kipindi. Dakika 90 kwa mtoto mwenye njaa ni bure.

---

kisimani_mza

Nashukuru sana mama, nashukuru mwalimu. Nimeshawapa jaribio, na D zimejaa kwenye hesabu za sehemu kama ulivyosema. Swali la nyongeza: huyu wa kidato cha pili nikimwelekeza anasema ameelewa, na mbele yangu anafanya vizuri. Siku mbili baadaye hakumbuki kitu. Nakosea wapi?

---

fumbo_na_namba

Kalamu iko kwa nani? Ukiwa wewe ndiye unayeandika na yeye anatikisa kichwa, anachokielewa ni mwandiko wako. "Nimeelewa" ya mtoto mara nyingi maana yake ni "nimeona kila hatua ulivyofanya", na kuiona hatua ni jambo rahisi sana kuliko kuitafuta mwenyewe.

Gawa kipindi cha dakika 90 hivi. Dakika 10 za mwanzo, maswali 5 ya wiki iliyopita bila kuangalia daftari. Hapa ndipo kumbukumbu inapojengwa, usiziruke hata siku moja. Dakika 20, makosa ya kazi ya shule na ya nyumbani. Dakika 25 za kitu kipya: fanya mfano mmoja mzima, wa pili fanya nusu umpe kalamu amalizie, wa tatu afanye wote mwenyewe. Dakika 25 afanye peke yake na wewe unyamaze. Kunyamaza ni kugumu kuliko kufundisha. Akikwama subiri dakika mbili kamili, kisha uliza "swali linataka nini?" na usimpe hatua. Dakika 10 za mwisho aandike kwenye daftari la makosa: swali, alichokosea, kwa nini.

Kwa sekondari jambo la pili ni lugha. Mtoto aliyesoma Kiswahili miaka saba anakutana na karatasi ya Kiingereza, na maneno machache tu yanamwangusha. Neno "simplify" na neno "solve" kwake ni kitu kimoja. Mpe "simplify" 3x + 6 − x + 2. Jibu ni 2x + 8, basi. Yeye atalifanya sawa na sifuri na kuandika x = −4, mlinganyo ambao haukuwepo. Nyingine ni "5 less than x": ataandika 5 − x kwa kufuata mpangilio wa maneno, wakati ni x − 5. Tengenezeni ukurasa mmoja wa maneno ya amri yanayotokea kwenye mitihani, kila neno na maelezo ya Kiswahili na mfano wake. Hayafiki 30. Mweleze dhana kwa Kiswahili bila aibu, lakini swali alisome na alijibu kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo atakavyopimwa.

Na angalia hili la "namba ikivuka inabadilika alama". Akiwa na 3x = 11 atavusha 3 aandike x = 11 − 3. Kanuni ya kuvuka haijamwambia kwamba 3 ilikuwa inazidisha. Acha kuvusha, fanya kitendo kilekile pande zote mbili, na kiandikwe wazi: gawanya pande zote kwa 3.

Kama jedwali la kuzidisha ni tatizo, usimrudishe kuimba la 1 hadi la 12. Kwenye 1 hadi 10, ukiondoa ya 1, 2, 5 na 10 ambayo wengi wanayajua, na ukahesabu 6 × 7 na 7 × 6 kuwa moja, yanabaki 21 tu. Matatu kwa siku, wiki moja imekwisha, halafu rudia kwa kuchanganya.

---

baraza_la_mombasa

Hodi hapa. Kuhusu likizo, kwa wanaosoma uzi huu wakiwa Kenya: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza wanafunzi kufundishwa tuisheni ya likizo. Ndugu yetu wa Mwanza hiyo haimhusu, ila nakubaliana na nia ya sheria hiyo. Mtoto anayesoma mwezi mzima wa likizo kama yuko shule hurudi amechoka. Mwachie likizo kazi ndogo, maswali 5 kila siku ya pili, na akipata nafasi ya kupima unga, kurudisha chenji dukani au kuhesabu nauli ya familia, hesabu zipo humo.

---

chaki_na_dasta

Nimalizie la vitabu na mitihani. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vinatosha kuwa msingi, ila angalia toleo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, hivyo kitabu cha kaka yake si lazima kifanane na cha mtoto. Tazama daftari lake la shule kila wiki, ujue wako mada gani na mwalimu wake anatumia njia ipi. Ukimfundisha kugawanya kwa mtindo mwingine atachanganya mitindo miwili na kukosa yote. Kama mzazi anaweza kukutambulisha kwa mwalimu wa somo, nenda kwa heshima, uliza mada tatu zinazomsumbua mtoto. Kazi ya nyumbani usimfanyie kamwe. Mwalimu akiona zote sahihi anaamini mtoto anaweza na anasonga mbele.

Karatasi za mitihani iliyopita zipo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani bila malipo. Usianze nazo. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, upimaji wa kidato cha pili huwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Wiki 8 kabla ndiyo wakati wake. Kabla ya hapo chomoa maswali ya mada mnayosoma tu. Ukifika kwenye karatasi nzima, weka saa mezani, na baada ya kusahihisha rudia zile herufi za K, D, L na H. H zikiwa nyingi kuliko D, punguza kufundisha mada mpya. Mfundishe kuhakiki: arudishe jibu lake kwenye swali aone kama linakaa. Ile redio ya 12,000, aongeze asilimia 15, yaani 1,800, aone kama inafika 13,800.