Udhamini wa viza ya mke kwenda Marekani: kipato cha mume hakifiki, ploti ya Kitengela itasaidia?

BintiEmbakasi:

Habari zenu. Naomba mwongozo wa wanaozijua fomu hizi kwa undani, maana saibani kila mtu ananiambia lake.

Mume wangu ni raia wa Marekani, anaishi Minneapolis. Tulifunga ndoa mwaka jana Sheria House. I-130 (ombi la mume la kunileta kama mkewe) imepita, na barua ya NVC (kituo cha viza cha Marekani) imekuja na namba ya kesi inayoanza na NRB. Tumekwama kwenye I-864, ile hati ya udhamini wa kifedha. Mume anapeleka vifurushi kwa gari lake, hajaajiriwa. Fomu yake ya 1099 (ya malipo ya wasioajiriwa) inaonyesha dola 52,000, lakini kwenye ritani ya kodi, baada ya kutoa mafuta na matengenezo, kilichobaki ni 19,000. Ana mtoto wa miaka 12 anayeishi na mama yake Chicago. Mimi nina binti wa miaka 9, ambaye nataka kumjaza kwenye DS-260 (fomu ya maombi ya viza) yangu tuondoke pamoja.

Hapa Nairobi nina kazi ya mshahara, pia ploti Kitengela ambayo madalali wanasema ni ya milioni 2.5. Binamu ya mume, raia, mwenye mke na watoto wawili, amekubali kudhamini. Niliwahi kufanya kazi Doha miaka miwili. Nianzie wapi, na ni pesa ya nani inayohesabiwa?

Mhasibu_Ngara:

Dada, kwenye hesabu za mumeo afisa anatazama 19,000. Ile 52,000 ya 1099 ni mapato kabla ya gharama. I-864 inauliza jumla ya kipato, ambayo kwenye ritani ya 1040 iko mstari wa 9, na kwa mtu aliyejiajiri mstari huo hupokea faida iliyobaki kwenye Schedule C (karatasi ya hesabu za biashara yake). Watu wengi hukwama papo hapo: wanajaza tarakimu ya 1099, NVC wanalinganisha na ritani, fomu inarudi. Gharama alizotoa zilimpunguzia kodi, na hawezi kuzirudisha kwa ajili ya viza.

Sasa idadi ya watu. Wengi wangesema ninyi ni wawili. Hapana. Anahesabiwa yeye, wewe, binti yako kwa kuwa naye anadhaminiwa, na yule mtoto wa Chicago. Maelekezo ya fomu yanataka watoto wote walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa au kuolewa, hata kama mzazi hana malezi yao. Jumla ni wanne.

Kiwango kinachotakiwa ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Kwa jedwali la 2025 (fomu I-864P), nje ya Alaska na Hawaii, watu wawili ni dola 26,437, watatu 33,312, wanne 40,187. Jedwali hubadilika kila mwaka, kwa hiyo fungua la mwaka mnaotuma. Mumeo amepungukiwa na dola 21,187.

Ploti yako inaweza kuhesabiwa, kwa kuwa mali ya anayedhaminiwa inaruhusiwa. Lakini kwa mke au mume wa raia, thamani ya mali lazima iwe mara tatu ya pengo. Hapo ni dola 63,561, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni kama milioni 8.2. Ploti ya milioni 2.5 ni kama dola 19,380. Ukigawa kwa tatu inaongeza takriban 6,460 tu. 19,000 na 6,460 ni 25,460, bado mko mbali. Na bei ya mdomo ya dalali si ushahidi: wanataka ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, hati miliki yenye jina lako, cheti cha upekuzi rasmi kuonyesha hakuna mkopo juu yake, na mali yenyewe iwe ya kuweza kugeuzwa pesa ndani ya mwaka mmoja. Gharama ya mthamini ihifadhi kwa mengine.

Mshahara wako wa Nairobi hauhesabiwi kabisa, kwa sababu utaisha ukihama. Ungehesabiwa tu kama chanzo chake kingeendelea ukiwa kule.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni mumeo kupata ajira ya mshahara wa zaidi ya 40,187. Fomu inauliza kipato cha sasa pia, si cha mwaka jana peke yake, hivyo barua ya mwajiri yenye cheo, tarehe ya kuanza na mshahara wa mwaka, pamoja na hati za mshahara, vinaweza kuwa na uzito kuliko ritani dhaifu. Ya pili ni binamu.

Kwa binamu, hesabu ni ya nyumba yake: watu wake wanne, ongeza wewe na binti, sita. Mumeo haingii humo. Kwa jedwali la 2025 anahitaji 53,937, na lazima afike peke yake. Huwezi kuchukua 19,000 za mumeo ukaziunganisha na 40,000 za binamu. Mdhamini mwenza (binamu) hachangiwi na mwombaji (mumeo). Mke wa binamu anaweza kuongeza kipato chake kwa kusaini I-864A (fomu ya mwanafamilia anayechangia kipato), kwa kuwa wanaishi nyumba moja.

Na hata binamu akiwa tajiri, mumeo BADO anajaza na kusaini I-864 yake. Ikikosekana ya mwombaji, faili haisogei.

Makaratasi254:

Mhasibu amemaliza hesabu. Mimi nimeshtushwa na suala la binti, na ningependa ulisome hili kabla ya kulipa senti yoyote: huwezi kumjaza kwenye kesi yako.

Mke wa raia huingia kama ndugu wa karibu wa moja kwa moja, na kundi hilo halibebi watoto. Mume angekuwa na kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu) tu, mtoto angefuata kesi ya mama. Akiwa raia, kila mtoto anahitaji I-130 yake. Ndoa yenu ilifungwa binti akiwa chini ya miaka 18, kwa hiyo kisheria ni mtoto wa kambo wa mumeo na anastahili. Ada tangu Aprili 2024 ni dola 625 mkituma mtandaoni, 675 kwa karatasi. Ushahidi ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina lako, cheti chenu cha ndoa, na uthibitisho wa uraia wa mume. Itumwe wiki hii kama inawezekana.

Yako imetangulia kwa miezi mingi, kwa hiyo mna uamuzi wa kufanya. Mnaweza kuipunguzia kasi ili mwende pamoja, lakini msiiache ikae kimya: NVC wasiposikia chochote kutoka kwenu kwa mwaka mzima, kesi inaweza kufungwa. Ingia kwenye akaunti ya CEAC (tovuti ya maombi ya viza) mara kwa mara, pakia hati, andika ujumbe. Baba mzazi wa binti akiwa ametajwa kwenye cheti, tafuta mapema idhini yake ya maandishi mbele ya wakili, au amri ya mahakama kuhusu malezi.

Kuhusu malipo: NVC wanatoza dola 120 za kupitia udhamini na dola 325 za viza. Hulipwa kutoka akaunti ya benki ya Marekani, kwa hiyo alipe mume. M-Pesa haina njia hapo. Malipo yakishaonekana kuwa yamelipwa, baada ya siku kadhaa, ndipo DS-260 na sehemu ya kupakia hati hufunguka.

Upande wa hati za Kenya:

Cheti cha kuzaliwa kiwe cha idara ya usajili wa raia. Arifa ya hospitali hawaitambui. Linganisha majina herufi kwa herufi na pasipoti. Cheti cha "Njeri Wambui" na pasipoti yenye majina matatu ni swali linalokusubiri. Kosa la karani husahihishwa kwa msajili. Jina lililobadilishwa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya.

Cheti chako cha Sheria House kinatosha. Kwa wengine wanaosoma hapa: kiapo cha wakili kwamba "tumeoana kimila" si cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila lazima isajiliwe chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 mpate cheti. Aliyewahi kuoa au kuolewa alete talaka ya mwisho ya mahakama, si ile ya muda.

Cheti cha tabia njema: omba kupitia eCitizen, ada ni KSh 1,050, chapisha fomu C24 pande mbili za karatasi moja, kisha alama za vidole uzitoe makao makuu ya DCI (idara ya upelelezi), Kiambu Road, au Huduma Centre. Na hakikisha unaomba cha Doha pia. Nchi yoyote uliyoishi miezi 12 au zaidi baada ya kufikisha miaka 16, wanataka cheti cha polisi wake. Ukiwa nje ya Qatar mlolongo huo ni mrefu, kwa hiyo ndiyo hati ya kuanza nayo.

SautiYaSouthB:

Naongezea makosa madogo yanayorudisha I-864, kwa sababu kila kurudishwa kunakuweka tena mwisho wa foleni ya ukaguzi.

Sahihi ya kuchapwa kwa kompyuta haikubaliki. Mdhamini asaini kwa kalamu, askani. Kurasa zote ziwe faili moja la PDF, hata zile tupu. Picha za simu zenye kivuli zinakataliwa. Toleo la fomu liwe la sasa. Tarehe yake iko chini ya ukurasa, ilinganishe na iliyo kwenye tovuti ya USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani).

Kwa kodi, mume na binamu wachukue taarifa rasmi ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) mtandaoni, ni bure. Taarifa hiyo ikiwepo, fomu za W-2 (za mshahara kutoka kwa mwajiri) si lazima. Wakituma nakala ya ritani badala yake, wambatishe W-2, 1099 na Schedule C. Tazama pia hali ya ndoa aliyojaza mume: kama mlikuwa mmeoana kufikia Desemba 31, haifai ritani ya mwaka huo iseme hajaoa. Kama ndivyo, airekebishe kwa 1040-X (fomu ya kusahihisha ritani) kabla afisa hajauliza.

Binamu anahitaji pia uthibitisho wa uraia, ukurasa wa picha wa pasipoti unatosha.

Na binamu aambiwe ukweli kabla ya kusaini. Huu ni mkataba na serikali ya Marekani. Unaisha mkipata uraia, mkihesabiwa robo 40 za kazi (kama miaka kumi), mkiacha ukaazi na kuondoka moja kwa moja, au kifo. Talaka haiufuti. Mtu akijua haya baadaye, undugu unaharibika, na hiyo si haki kwake.

BintiEmbakasi:

Nimeelewa, I-130 ya binti inaanza sasa na ploti naiacha. Swali moja: vipimo vya afya nifanye mapema nikisubiri?

Makaratasi254:

Usifanye mapema. Subiri barua ya tarehe ya mahojiano ya Gigiri, ndipo uweke miadi kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi. IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji) ni mmoja wao. Vipimo kwa kawaida hudumu miezi sita, na viza haiwezi kupita muda wa vipimo, hivyo ukiwahi sana unajipunguzia muda wa kusafiri.

Lakini pia usingoje wiki ya mwisho. Kuanzia miaka 15 ni eksirei ya kifua. Kikionekana kivuli, hata kovu la zamani, watachukua makohozi asubuhi tatu tofauti na kuyaotesha maabara kwa wiki nane, na mahojiano yatasogea. Binti wa miaka 9 atatolewa damu kwa ajili ya kifua kikuu. Beba kadi zenu za chanjo, yake ile ya kliniki ya utotoni.

Viza ikitoka, lipa dola 235 za USCIS mtandaoni kabla ya kupanda ndege, kwa sababu kadi ya kijani haitatengenezwa hadi ilipwe. Ukiingia kabla ndoa haijafikisha miaka miwili, kadi yako itakuwa ya miaka miwili yenye masharti, na mtatuma I-751 (ombi la kuondoa masharti) ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Ushahidi wa kuishi pamoja unaoulizwa wakati huo anzeni kuuweka tangu siku ya kufika: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja, bima.