Walitupiga faini kwa kutoprinti, leo wanatukataza kuprinti. Hizi ndege za bei chee zinatuonaje?

Wakuu salaam. Nina hasira kwahiyo mnivumilie, uzi utakuwa mrefu na sijaupanga.

Mlioko huku Ulaya mnajua tayari, ila kwa walioko nyumbani ambao ndugu zao wanawakatia tiketi za kuja kuzurura: tangu tarehe 12 Novemba 2025 Ryanair, lile shirika la ndege za bei chee la Ireland, wamefuta bodingi pasi (ile pasi ya kupandia ndege) ya karatasi. Huprinti nyumbani, hushushi PDF ukaituma WhatsApp kwa mtu akuprintie, unatakiwa uwe na apu yao kwenye simu yako na msimbo uonekane humo humo. Mwanzo walisema ingeanza Mei, wakasogeza mpaka Novemba, nikajua labda aibu imewashika kumbe wapi. Na hawa sio kashirika ka ndege tatu, ni abiria zaidi ya milioni 200 kwa mwaka, ndio wanaobeba watu wengi kuliko wote Ulaya, kwahiyo wakifanya kitu na wasipigiwe kelele hao wengine wataiga tu, tena wataiga na faini zake.

Sasa kabla hamjaniambia mimi mzee nakataa maendeleo, hebu tukumbushane hawa watu walikotoka maana naona tumesahau haraka sana.

2009 ndio walifunga kaunta za chekini viwanjani (pale unapojiandikisha kwamba unasafiri na kupewa pasi), wakasema kila abiria afanye chekini mwenyewe mtandaoni na aje na karatasi aliyoprinti mwenyewe. Yaani kazi aliyokuwa anafanya mfanyakazi wao anayelipwa mshahara wakatupa sisi, printa yako, wino wako, karatasi zako, na ukisahau ukifika pale faini pauni 40. Baadae ikapanda ikafika euro 60 kwa kichwa. 2012 kuna mama alikuwa anarudi kutoka Alicante na familia, watu watano, wakalipishwa euro 300 kwa kosa la kukosa karatasi, na bosi wao Michael O'Leary akatoka hadharani kuwaita wajinga abiria wanaosahau kuprinti. Hakuomba radhi ya maana, ndio tabia yake, anajua kila akitukana gazeti linamtangaza bure. 2023 tena wazee wawili pale Stansted, kiwanja cha London, walishusha pasi ya kurudi badala ya ya kwenda, wakakamuliwa pauni 110. Wazee kabisa, umri wa bibi na babu zetu.

Kwahiyo miaka kibao karatasi ilikuwa lazima mpaka ukikosa unalipishwa kuliko nauli yenyewe, leo karatasi hiyo hiyo imekuwa uchafu, wanatwambia wataokoa zaidi ya tani 300 za karatasi kwa mwaka wanalinda mazingira. Wewe unaendesha mamia ya ndege zinakunywa mafuta usiku na mchana halafu mazingira umeyaona kwenye A4 yangu?

Wanasema pia asilimia 80 ya abiria wao walikuwa tayari wanatumia simu. Sawa. Chukua hiyo asilimia 20 iliyobaki uzidishe kwa milioni 200, mnapata watu milioni 40. Hao ndio kina nani? Ndio mama yako, ndio baba mkwe, ndio yule mjomba ambaye simu ya tachi alinunuliwa na mwanae akaiweka kabatini anatumia kitochi kwasababu chaji inakaa wiki. Mama yangu mimi ana faili la plastiki la bluu, humo mna pasipoti, kadi ya njano ya chanjo, barua ya mwaliko, bima na karatasi za ndege zote zimebanwa kwa mpangilio, akifika kwa ofisa yeyote anafungua faili anatoa karatasi anaambiwa pita mama. Hajui neno la Kijerumani wala Kiingereza cha kubishana, faili ndio linaongea kwa niaba yake. Mtu kama huyu unamwambia nini, mama fungua apu, weka barua pepe, weka nywila, subiri namba ya siri iingie kwenye laini ya Tanzania ambayo haijawashwa romingi?

Na kwa sisi wenye pasipoti za nje ya Ulaya kulikuwa na kitu kingine ambacho wazungu wengi hawakijui kwasababu hakiwahusu. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, hawa jamaa walikuwa wanakutaka uende kwanza kwenye dawati la kukagua viza, pale wanaangalia kibali chako halafu wanagonga MUHURI kwenye ile karatasi. Ukifika getini bila muhuri unarudishwa mbio, wengine wameachwa na ndege hivyo hivyo. Yaani sisi karatasi ilikuwa ndio ushahidi kwamba tumeshakaguliwa. Unapomuondolea mtu ushahidi ulioko mkononi mwake ukauhamishia kwenye mfumo wako wewe, siku mfumo ukisema hujakaguliwa unabishana na nani, na yule binti wa getini ana dakika kumi za kufunga mlango?

Haki yao nawapa, maana najua kuna mtu atakuja mbio na maelezo ya tovuti yao. Wamesema ukishafanya chekini mtandaoni halafu simu ikazima chaji au ikaibiwa, unaenda kwenye kaunta yao wanakupa karatasi bure. Na pasi ikishakuwa ndani ya apu inafunguka hata bila intaneti. Nimesoma yote hayo. Ila someni vizuri hilo sharti la kwanza, UKISHAFANYA CHEKINI. Ambaye hajafanya faini iko pale pale, pauni 55 au euro 55 (ukiondokea Uhispania 30), na tiketi yenyewe siku nyingine umeipata kwa pauni 20. Hiyo 55 ni zaidi ya laki na nusu ya kwetu kwa mtu kubonyeza kompyuta dakika mbili. Na dirisha la chekini kama hujalipia kiti linafunguka saa 24 tu kabla ya safari na linafungwa saa mbili kabla, kwahiyo kama wewe ndio mwenyeji unayemkatia mzazi tiketi ya kwenda na kurudi, huwezi kumalizana na yote mapema ukampa faili lake akaenda, itabidi siku ya kurudi uwe macho umfanyie chekini, na pasi iko kwenye simu yako wewe na yeye yuko nchi nyingine. Au ulipie kiti. Mnaona mtego ulipo? Kila njia ya kukwepa usumbufu ina bei yake.

Halafu na hii apu wanayoing'ang'ania, mnadhani ni ya bodingi pasi tu? Ukiingia humo unauziwa bima, gari la kukodi, hoteli, kiti cha mbele, begi, kupanda kwanza. Karatasi haiwezi kukuuzia kitu ndio tatizo lake. Hawa hawa ndio mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliwafungulia uchunguzi Oktoba 2024 kwa habari ya kuwahakiki wateja kwa sura zao, hasa wale walionunua tiketi kupitia mawakala, na sisi mnajua tunavyonunuliana tiketi, shemeji yuko London anamkatia mtu wa Brussels kwa kadi ya mtu wa tatu.

Uhispania peke yao ndio naona wana ubavu. Novemba 2024 wizara yao ya haki za walaji ilipiga mashirika matano ya bei chee faini ya jumla euro milioni 179, Ryanair pekee zaidi ya milioni 107, na moja ya makosa yao ilikuwa hiyo hiyo kutoza watu hela ya ajabu kwa kuprinti bodingi pasi. Kampuni zikakimbilia rufaa, bila shaka. Lakini angalau serikali imesema neno, huku kwingine tunaambiwa soma masharti.

Sasa nirudi kwenye hili la mzee anakataa maendeleo. Ndugu zangu, sisi Waafrika Mashariki mtu wa kutufundisha kutumia simu ni nani? M-Pesa Kenya 2007, Tanzania 2008, wakati huo huku Ulaya watu bado wanaandikiana hundi. Bibi kijijini anapokea hela, analipa umeme, analipa ada ya mjukuu, kwa KITOCHI. Hakuna aliyemwambia bibi nunua simu ya laki nne kwanza. Na pale pembeni kuna kibanda cha wakala, mtu mwenye macho na mdomo, ukikwama anakusaidia. Hiyo ndio teknolojia. Kumlazimisha mtu awe na simu ya bei, apu mpya, chaji na akaunti, halafu ukamuondolea binadamu wa kumuuliza, huko ni kubana matumizi tu wakaita maendeleo.

Na hela inayookolewa hatuioni. Mnakumbuka zile tiketi za kitabu zenye kaboni nyekundu? IATA, ule umoja wa mashirika ya ndege duniani, walizifuta rasmi tarehe 1 Juni 2008, na hesabu yao wenyewe ilikuwa tiketi ya karatasi inagharimu dola 10 na ya elektroniki dola 1. Dola 9 kwa kila tiketi! Zilirudi kwa nani? Tuliwekewa hela ya begi, hela ya kiti, hela ya kukaa na mtoto wako mwenyewe.

Mifumo nayo inalala. Tarehe 19 Julai 2024 ile hitilafu ya CrowdStrike (kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta) ilipozima kompyuta dunia nzima, pale Hyderabad India abiria wa shirika la ndege la IndiGo waliandikiwa bodingi pasi kwa kalamu. Kwa mkono! Picha zilizunguka kila mahali watu wakacheka, ila wale waliondoka kwasababu kaunta ilikuwepo, mtu alikuwepo, karatasi ilikuwepo. Mimi mwenyewe shirika jingine kabisa (sio hao niliowataja, na silitaji) apu yao iligoma nikiwa foleni ya getini, inazunguka tu ile duara, skrinishoti niliyopiga wakaikataa, nikaokolewa na kaprinta kadogo chini ya meza ya yule dada. Kale kaprinta ndio ninakolilia hapa.

Sidai turudi kwenye kitabu cha kaboni. Anayetaka simu atumie simu, mimi mwenyewe siku nyingi natumia. Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria, sio kwenye huruma ya mfanyakazi wa zamu: mtu yeyote akifika kaunta na pasipoti yake na tiketi aliyoilipia akisema naomba karatasi, apewe karatasi, bure, asiulizwe simu yako iko wapi mama.

Mpaka hapo, wenye wazazi wanaokuja: fanyeni chekini mapema nyie wenyewe, wakifika kiwanjani waende dawati la viza kabla ya kitu chochote, na waombe karatasi pale pale hata kama simu inafanya kazi, wakikataliwa waombe tena kwa sauti. Mliopita nao tangu Novemba 2025 leteni yaliyowakuta, hasa wenye pasipoti zetu. Na yule wa kuja kuniambia nipande ndege za bei ghali aanze kwa kunitumia nauli.