Siku ya mkaguzi kwenye ujenzi wa nyumba: tupeane uzoefu

Mjenzi Polepole
Wakuu, leo nimepita kwa jirani nikakuta mafundi wanabandua plasta mpya kabisa, ukuta mzima, ili mkaguzi aone mabomba yaliyofunikwa kabla hajaitwa. Nimekumbuka ya kwangu yote. Mliojenga mnajua utaratibu: kila kinachofunikwa kionekane kwanza. Mtaro wa msingi, nondo kabla ya zege, mabomba na nyaya kabla ya plasta, kisha ukaguzi wa mwisho kabla ya kuhamia. Mlipangaje hizo siku? Mliandaa nini, na nini kiliwakwamisha?

Bi Kokoto
Mtaro wa msingi na mvua ya usiku. Aliyepitia anajua.

Nusu Ukuta
Pole Bi Kokoto, tuko wengi. Mtaro umechimbwa safi, miadi ni asubuhi, usiku mbingu zinafunguka. Dawa yake ni kuyatoa maji na kukwangua tope lote laini mpaka ufike udongo mgumu tena. Mkaguzi akikanyaga mguu ukadidimia, hasaini, na ana haki. Mimi tangu siku hiyo nauchimba mtaro nabakiza kina kidogo, nacho nakimalizia asubuhi ya ukaguzi.

Mama Linta
Ngoja niseme la kwangu, maana nimekaa nalo muda mrefu.

Ilikuwa slabu ya ghorofa, ile sakafu ya zege ya juu. Mkaguzi alikuwa amepangwa asubuhi. Mkandarasi, bila kuniuliza, akaagiza lori la zege asubuhi hiyo hiyo ili "tusipoteze siku". Mimi nilikuwa hospitali na mama yangu. Mkaguzi akachelewa, lori likafika. Mkandarasi ananipigia: zege liko kwenye pipa linazunguka, likipita saa moja na nusu hivi halifai tena, tumwage? Nikamwambia usimwage hata ndoo moja mpaka karatasi isainiwe. Akakata simu.

Nilipofika, nusu ya slabu ilishamwagwa. Vibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikane, inanguruma, vijana wanatembea juu ya nondo kama wako uwanjani, wanavuta zege kwa makoleo. Mkaguzi akaingia nikiwa nimesimama getini. Hakupiga kelele. Alitazama juu, akasimamisha kazi, akauliza swali moja tu: "Picha za nondo ziko wapi?" Hakuna aliyepiga picha.

Akaamuru sehemu zifunguliwe. Katikati ya slabu nondo zilikuwa sawa. Ila kwenye roshani, ile inayotokeza nje bila nguzo, walipochimba kutoka juu wakaenda, wakaenda, nondo hakuna. Zilikuwa zimelala chini kabisa, karibu na mbao za fomu, zile zinazobeba zege mpaka likauke. Zilifungwa juu vizuri siku ya nyuma, niliziona kwa macho yangu, lakini zilikanyagwa zote wakati wa kumwaga. Roshani ile ndiyo watoto wangu walishaichagua kuwa mahali pa kukaa jioni.

Nusu Ukuta
Mungu wangu.

Jamvi
Dada, samahani, mimi sielewi. Nondo si zimo ndani? Juu au chini kuna tofauti gani?

Mpima Ngazi
Jamvi, nafanya kazi ya ukaguzi, nikueleze. Slabu iliyoshikwa pande zote inavutika upande wa chini, kwa hiyo nondo zake kuu zinakaa chini. Roshani isiyo na nguzo ni kinyume: uzito ukiikalia, uso wa juu ndio unaotaka kupasuka pale inapokutana na ukuta. Nondo kuu lazima zikae juu. Zikishuka, zege peke yake haliwezi kuvutwa, na roshani inaanguka ghafla, mara nyingi siku ina watu. Ndiyo sababu tunatazama nondo zilizokunjwa mfano wa viti, zinazozishikilia zile za juu zisishuke hata zikikanyagwa.

Fundi Timazi
Sasa kila kitu fundi, fundi. Mkaguzi aliyechelewa hasemwi? Lori halimsubiri mtu. Sisi tunasimama juani, mwenye nyumba hayupo, mkaguzi hapokei simu, zege linaganda, na lawama ni zetu.

Mama Linta
Kaka Timazi, sikusema mafundi wote. Nimesema niliyakataza na yakafanyika.

Mpima Ngazi
Kuchelewa kwetu ni kweli na kunaumiza, sikatai. Lakini lori liagizwe baada ya saini. Usilipange siku moja na ukaguzi. Ukaguzi leo, zege kesho. Hilo tu lingeondoa ugomvi mwingi ninaoukuta.

Fundi Timazi
Na mvua ikinyesha usiku kati ya leo na kesho? Nondo zinajaa tope, fomu zinajaa maji.

Mpima Ngazi
Unasafisha asubuhi, fundi wangu. Tope kwenye nondo linaoshwa. Nondo iliyolala mahali pabaya ndani ya zege haioshwi.

Shoka Moja
Mnajitesa. Muandalieni mkaguzi kitu kidogo, atasaini bila kupanda ngazi.

Bi Kokoto
Shoka Moja, soma hadithi ya Mama Linta tena, polepole. Huyo wa kusaini bila kupanda ngazi ndiye angewaacha wale watoto wakae juu ya ile roshani.

Nusu Ukuta
Nakubaliana na Bi Kokoto mia kwa mia.

Shoka Moja
Basi nimeelewa, tusigombane.

Mjenzi Polepole
Turudi kwenye maandalizi wakuu. Kwangu kilichosaidia ni kukagua mwenyewe jioni ya kuamkia miadi, mchoro mkononi. Nahesabu nondo, napima nafasi kati ya ringi zinazozifunga, naangalia biskuti za zege, vile vipande vidogo vya kuinulia nondo, maana nondo ikigusa udongo itashika kutu. Kwenye msingi mchoro wangu ulitaka milimita 50 za zege kuizunguka. Napima na mapishano, yaani urefu wa pale nondo mbili zinapolaliana kuungana: nondo ya milimita 12 kwa kawaida inataka kati ya nusu mita na sentimita 60, ila mchoro ndio wa kufuatwa. Ngazi imara iwepo, michoro iliyopigwa muhuri iwepo, sio nakala ya kwenye simu yenye ufa.

Jamvi
Mwenye nyumba awepo au asiwepo siku hiyo?

Fundi Timazi
Asiwepo. Anauliza maswali mengi, mkaguzi anachoka.

Mama Linta
Awepo, na asiondoke mpaka karatasi iwe mkononi mwake.

Bi Kokoto
Awepo lakini anyamaze, fundi ndiye ajibu.

Jamvi
Haya, nimechanganyikiwa rasmi. Dada Mama Linta, ile roshani iliishaje?

Mama Linta
Ilibomolewa yote, mdogo wangu. Nguzo za muda zilikuwa bado zinaishikilia kwa chini, basi ikakatwa kipande kipande bila mtu kuumia. Kwenye sehemu iliyobaki walitoboa vipande vya zege vikapelekwa maabara kupondwa, vikafaulu. Mhandisi akachora upya jinsi nondo mpya zitakavyoshikana na slabu ya ndani. Mkandarasi aligoma kulipa. Nikamwonyesha kipengele cha mkataba kinachosema hakuna kumwaga kabla ya saini. Akalipa zege na nondo, siku za mafundi nikazibeba mimi. Mara ya pili mkaguzi alipanda, akapima kwa tepu kila nondo ya juu, nikapiga picha tepu ikiwa pale pale inasomeka.

Nusu Ukuta
Hicho kipengele cha mkataba nakiomba kama kilivyo, dada.

Mama Linta
Nakiandika jioni nikifika nyumbani.

Jamvi
La mwisho: wa umeme na wa mabomba wanaweza kuja siku moja?

Mpima Ngazi
Wanaweza, lakini wa mabomba atangulie. Jaza maji, ongeza presha, funga, uiache geji ya presha mbele ya macho ya mkaguzi. Ikishuka kuna mahali panavuja, na afadhali maji yamwagike kabla nyaya hazijavutwa ndani ya konduti, yale mabomba yake ya ukutani.